Mchanga Haupandi Povu

Nekesa, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Umetoka kwenda Kibabii kumuaga rafiki yako, na mama yako yuko jikoni anaosha vyombo vya mchana kwa kelele kuliko kawaida yake. Mimi nimejifungia chumbani kwako. Nimekaa kitandani karibu na sanduku lako lililokwisha kufungwa, na ninaandika juu ya ile trei tunayochagulia maharagwe. Usiniulize kwa nini siandikii mezani. Pale mezani sitaki kukaa kwa sasa.

Mambo ya sweta, ya pasipoti uiweke wapi, ya kutokula ovyo njiani, hayo mama yako ameshayasema na kesho atayarudia mpaka gari liondoke. Mimi sitayagusa. Kesho asubuhi kina mama wa kanisa watajaa hapa kukuombea, mjomba wako atahutubia kama mtu anayetafuta kura, na nafasi ya mimi na wewe kuongea haitapatikana. Hata ikipatikana, unanijua. Penye maneno ya maana mdomo wangu hukauka. Nimekuwa hivyo maisha yangu yote na leo nimeona hasara yake.

Nakuandikia kwa sababu ya ulichosema tukila.

Ngoja nikukumbushe jinsi ilivyokuwa, maana huenda wewe ulikuwa unaangalia upande mwingine. Tulikuwa tunakula ugali wa wimbi na kuku, chakula cha kukuaga. Wimbi uliliosha wewe mwenyewe, ulimwambia mama yako apumzike. Nikatafuna tonge la kwanza, nikasikia kitu kikilia katikati ya meno. Mama yako naye akasimamisha taya. Nikakutania kwamba injinia mzima, anayeajiriwa mpaka Zambia kusafisha shaba, ameshindwa kuosha wimbi. Ukacheka mpaka ukafuta machozi, ukasema ulikuwa na haraka, ulimimina karai lote mara moja. Tukacheka wote watatu. Nataka ujue kwamba wakati ule nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko mtu yeyote katika kaunti hii.

Halafu ukaacha kucheka. Ukaweka mkono wako juu ya wangu, ukasema polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa dawa:

"Baba, si vizuri niende bila kukuambia. Ile maneno ya mchanga ya Kitale, mimi nilishakusamehe. Kitambo sana."

Na mimi nikasema asante.

Hebu fikiria. Nilisema asante. Masikio yalinivuma, nikakuona mdomo ukiendelea kusema, na maneno yakanifikia moja moja. Ulisema ulianza kusikia pale kwenye mfereji wa maji karibu na Kipsongo, kule Kitale, ulipokuwa darasa la pili, msichana mmoja alipokukataza kuweka ndoo yako karibu na yake kwa kuwa baba yako anauza mchanga. Ulisema hukutaka kutuuliza. Ulisema ndiyo maana ukasomea kazi hii, ili mtu wa nyumba yetu aifanye kwa mikono safi na jina lirudi. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa najisifu kwa majirani kwamba ulipenda kazi hii kwa sababu ya hadithi nilizokusimulia juu ya povu linavyong'aa.

Ukamaliza kusema, ukaniongezea mchuzi. Nikala. Sijui nilikula nini.

Nekesa, mimi sikuwahi kuchanganya mchanga na kitu chochote. Ninaandika sentensi hii na ninaitazama kama mgeni. Sikuwahi kudhani siku moja nitaiandika kwa ajili ya mtoto wangu. Nilidhani hujui lolote. Nilidhani ulikuwa mdogo, kwamba ulihama Kitale kama anavyohama paka, bila kuuliza. Acha basi nikueleze mwanzo mpaka mwisho, jinsi nilivyopaswa kukueleza zamani.

Kile kiwanda cha shaba cha Kitale kilikuwa kidogo tu, nje ya mji. Mawe yaliletwa kwa lori kutoka upande wa Pokot, yakasagwa mpaka yakawa laini kama unga, yakatiwa maji yakawa uji mweusi. Uji ukaingia kwenye matangi yenye mapanga ya kukoroga chini, hewa ikapulizwa, dawa zikatiwa. Haya wewe unayajua kuliko mimi, lakini nakuambia jinsi sisi tulivyoyajua. Tulijua kwamba dawa inaifanya chembe ya shaba ikatae maji na ing'ang'anie kiputo cha hewa, kiibebe mpaka juu. Juu linaumuka povu zito la rangi ya dhahabu iliyochafuka. Sisi tunalikwangua kwa mbao, linaingia kwenye mfereji, linakaushwa, linatiwa kwenye magunia. Mchanga hauna shughuli na hewa. Mchanga unabaki chini na kutolewa nje kama takataka.

Tuliamini hivyo wote, kuanzia mlinzi wa lango mpaka mwenye kiwanda. Kizuri kinapanda, kibaya kinabaki. Mfanyakazi mpya akifika, hilo ndilo neno la kwanza aliloambiwa.

Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Jaswant, Singasinga wa pale pale Kitale, ambaye babu yake alikuja na duka la vyuma na wao wakabaki. Sitaki umchukie. Ulipozaliwa alikuletea blanketi, lile la bluu ambalo mama yako bado anafunikia unga unaoumuka. Ninayekutajia mwingine ni Kibet, unamkumbuka, yule wa Kapsokwony aliyekuwa akikubeba mabegani Jumamosi akilala kwetu. Mimi na Kibet tulikuwa zamu moja. Ufunguo wa stoo ya magunia ulikuwa kwetu sisi wawili, na hiyo ilikuwa heshima kubwa. Tulitembea kifua mbele.

Msimu ule wa mwisho mambo mawili yalibadilika pamoja, na sisi hatukuyatilia maanani. Kwanza mawe yalianza kutoka shimo jipya, mawe laini yenye udongo mwingi, yaliyosagika mpaka yakawa vumbi tupu. Pili, wanunuzi walitaka mzigo mkubwa, na Bwana Jaswant akawa anakuja kila wakati anatuambia tuongeze. Zamani tuliliacha povu lisimame, linenepe, maji yajichuje yenyewe kurudi chini, ndipo tukwangue. Sasa mimi nikapandisha uji kwenye matangi mpaka povu likawa jembamba, la majimaji, linamwagika lenyewe kama maziwa yanayochemka. Tukakwangua bila kupumzika. Magunia yakajaa kwa kasi ambayo hatukuwa tumeiona. Bwana Jaswant alinipiga begani mbele ya watu wote, na mimi nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba mimi ndiye niliyegundua njia. Nilijigamba, bana. Nilikula usiku huo kama chifu.

Mzigo ukarudishwa. Lori lilirudi na magunia yale yale, na Bwana Jaswant akatuita mimi na Kibet kwenye uwanja wa kiwanda, wenzetu wote wakiangalia. Akafungua gunia, akachota kwa mkono, akaosha kwenye beseni mbele yetu kwa kulizungushazungusha. Kando ya beseni ukajitenga weupe. Mchanga, mwingi, laini kama unga wa sima. Nilitoa macho. Nakuapia kwamba nilishtuka kuliko yeye. Nilimtazama Kibet, naye alikuwa ananitazama.

Bwana Jaswant alilia, hilo sikuwahi kumwambia mtu. Machozi yalimshuka mpaka kwenye ndevu. Akasema:

"Wanjala, mchanga haipandi povu. Hata mtoto anajua. Mtu ndio ameiweka. Na kifunguo iko na nyinyi wawili."

Nikamwamini. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wangeona ajabu, lakini fikiria mahali nilipokuwa nimesimama. Mimi mwenyewe niliamini kwamba mchanga haupandi povu. Nilikuwa nimewafundisha vijana hivyo kwa mdomo wangu. Kama haupandi, na umo guniani, basi kuna mkono. Na kama si mkono wangu, ni wa nani? Tulikuwa wawili.

Hakutupeleka polisi, alisema kwa ajili ya miaka tuliyofanya kazi pamoja. Nilimshukuru. Sikujua kwamba kesi ambayo haikusikilizwa haiishi. Tukamwaga unga, kazi ikatutoka, siku hiyo hiyo, mimi na Kibet, tukatoka langoni pamoja, na tulipofika barabarani kila mtu akashika njia yake bila kuagana.

Nikawaambia nyumbani kwamba kazi imeisha na tunarudi Bungoma kulima. Basi. Mama yako hakuuliza neno, akafunga vyombo. Nilidhani alikuwa ananionea huruma. Wewe ulitaka kujua kama paka atakuja, nikasema atakuja, na hakuja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo leo umenichoma nalo bila kujua. Ulisema hukuamini maneno ya yule msichana wa mferejini mpaka siku moja tukiwa tumeshahamia hapa. Ulisema hivi, na maneno haya nitakufa nayo: "Siku ulijificha Anko Kibet, ndio nilijua ni ukweli."

Naikumbuka siku hiyo. Alishuka kutoka Kapsokwony na gunia la viazi kwenye pikipiki, amenyeshewa. Nilimwona kwa mbali akiuliza njia pale kwa jirani. Nikakimbilia nyuma ya zizi, nikakutuma wewe, mtoto wa shule, ukamwambie baba hayuko. Ulisimama pale langoni ukasema uongo wangu, ukarudi umebeba viazi vyake, ukaniuliza kama Anko Kibet ni mtu mbaya. Nikakwambia nenda ukasome. Nilijificha kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba yeye ndiye mwizi, na kwamba nikimwona nitamvunja taya. Wewe ukaona mtu anayejificha, ukahesabu kama mtu yeyote mwenye akili angehesabu. Sitakulaumu. Nimejifungia humu chumbani nikitafuta pa kukulaumu na sipaoni.

Miaka ikapita, ukaingia chuo. Likizo moja ulikuwa unajiandaa kwa mtihani, unatembea kando ya majani ya ng'ombe ukisoma kwa sauti kama desturi yako, na mimi nilikuwa nakamua. Ulikuwa ukisoma Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia Fomu Tuu, lakini kuna maneno niliyoyashika. Mchanga. Povu. Maji. Nikakuuliza, nikijifanya ni maongezi tu, umesema nini hapo. Ukanieleza kwa furaha, maana ulipenda nikikuuliza mambo ya masomo. Ulisema: "Baba, si kila kitu inapanda na viputo. Kuna vumbi nyingine inabebwa tu na maji yenye iko katikati ya povu. Haijashikana na kitu. Ukikwangua haraka na povu ni ya maji, inakuja yote."

Ndoo ikaniponyoka. Maziwa yote yalimwagika, na wewe ukadhani ng'ombe amepiga teke, ukamgombeza. Ng'ombe hakufanya lolote. Nilienda nyuma ya zizi, pale pale nilipojificha siku ile, na nikakaa chini kwenye samadi kama mtu aliyepigwa rungu. Yaani ilikuwa ni maji. Miaka yote ile, ilikuwa ni maji tu. Hakukuwa na mwizi. Niliyepandisha uji na kulifanya povu jembamba ni mimi, kwa kufuata amri na kwa kutaka sifa, lakini hakuna mkono wa mtu uliogusa gunia. Mtoto wangu mwenyewe alikuwa amenisomea hukumu ya kuniachilia, huku akimgombeza ng'ombe.

Nikakurudia? Nikakwambia? La. Nilifikiri, atajua nini kuhusu mambo haya, kwa nini nimwamshie yaliyolala. Leo nimejua kwamba hayakuwa yamelala hata siku moja. Wewe ulidhani mimi na sepetu tulisimama stoo usiku tukijaza mchanga, kwa hiyo hata ulipojifunza habari ya maji hukuiunganisha na mimi. Ungeiunganishaje? Hujawahi kusikia habari ya povu jembamba wala shimo jipya. Nilikuficha vitu vyote ambavyo vingekusaidia kunijua.

Niliyemwendea ni Kibet. Kesho yake asubuhi nilipanda pikipiki mpaka Kapsokwony. Ile barabara inapanda mpaka unadhani dereva atarudi nyuma na wewe, na mimi njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi ya kumwomba radhi. Nilimkuta shambani anapalilia vitunguu, amezeeka, kofia ile ile. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kabla hata hajanikaribisha. Habari ya maji, ya viputo, ya udongo wa shimo jipya. Nikamwambia nisamehe, ndugu yangu, nilikuwa nimekushuku wewe.

Aliliweka jembe chini. Akakaa kwenye tuta. Kisha akasema:

"Wanjala, bana. Hata mimi nilijua ni wewe. Ile siku nililetea wewe viazi, nilikuwa nimekuja kukuambia nimesahau hiyo maneno."

Nekesa, sikia hilo. Alikuwa amekuja kunisamehe! Ameendesha pikipiki kwenye mvua kutoka mlimani, amebeba viazi, kuja kumsamehe mwizi, na mwizi amejificha nyuma ya zizi kwa kuwa anadhani mwizi ni yeye. Tulitazamana pale kwenye vitunguu tukashindwa tulie au tucheke. Tulicheka, halafu akaniambia nisimwangalie kwa muda kidogo, nami nikageuka nikaangalia mlima.

Nilirudi Bungoma nikijua kwamba mambo yamekwisha. Bwana Jaswant alikuwa ameshafariki, kiwanda kimegeuzwa ghala la mahindi, hapakuwa na mtu wa kumweleza. Niliamini waliobaki duniani na jambo lile ni mimi na Kibet tu, na sisi tumepatana. Nililala usingizi mzuri tangu siku hiyo. Nimelala usingizi mzuri kwenye nyumba ambayo mtoto wangu ananijua kama mwizi.

Na si wewe peke yako. Ulipotoka leo kwenda Kibabii nilienda jikoni, nikasimama mlangoni, nikamuuliza mama yako, "Na wewe je?" Hakugeuka. Alikuwa anasugua sufuria ile ya ugali. Akasema, "Mimi sikuwahi kukuuliza." Nikamwambia hilo najua, ninauliza uliamini nini. Akasugua tena, akasema, "Nilikupenda hivyo hivyo."

Ndipo nilipokuja kujifungia humu. Unaelewa sasa kwa nini siandikii mezani. Nimeishi miaka yote hii na wanawake wawili ambao kila mmoja, kwa wakati wake, kimya kimya, amenisamehe. Mmenipikia, mmenifulia, mmeniombea kila Jumapili mkijua mnamwombea mtu wa mkono mrefu. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kupendwa hivi, na sijui kama kuna aliyewahi kutukanwa hivi. Yote mawili yananijia pamoja na siwezi kuyatenganisha. Nina hasira, ndiyo, niseme ukweli. Halafu nakumbuka ile sahani unayonipakulia mimi kwanza, kila mara, na hasira inakosa pa kusimama.

Mvua imeanza. Natumaini umepata mahali pa kujikinga.

Sikuanza barua hii nikitaka kukupa mawaidha, na huko unakokwenda utakuwa na wakubwa wenye elimu watakaokufundisha kazi. Lakini kuna siku, nakuhakikishia, utapewa kundi la watu wakiwa chini yako, na kitu kitaonekana mahali ambapo hakikupaswa kuwa. Kila mtu atakimbilia kuuliza ni nani. Ni swali tamu, lina jibu la haraka, na daima kuna mtu aliyekuwa na ufunguo. Wewe uliza kwanza kimefikaje. Kaa na swali hilo hata kama wakubwa wanakunja uso. Mimi na Bwana Jaswant na Kibet hatukuwa wajinga wala wabaya, ila tulikuwa na hakika, na hakika ile ndiyo iliyotutenganisha.

Na jingine, ambalo nimelijifunza leo mchana na bado halijapoa mkononi. Usimsamehe mtu kabla hujamuuliza. Najua linasikika kama neno gumu kutoka kwa mtu aliyelelewa kanisani. Kibet alinisamehe bila kuniuliza, mama yako vivyo hivyo, na wewe pia, mtoto wa darasa la pili na ndoo yako kichwani, ukachukua mzigo huo ukauficha ndani yako ili baba yako asiaibike. Ulikuwa wema mkubwa kuliko umri wako. Lakini swali moja tu, Nekesa. "Baba, ni kweli?" Ningekasirika, labda ningekuchapa, siku zile nilikuwa na mkono mwepesi. Lakini ningejibu.

Lakini tazama, nakulaumu tena, na niliahidi sitakulaumu. Mtoto hagongi mlango ambao baba yake ameufunga. Mimi ndiye niliyepaswa kuufungua. Nilijua kukoroga, kukwangua, kukamua na kulima, na sikujua kumwambia mtoto wangu jambo lililotupata.

Namsikia mama yako anaita jina lako langoni, umefika. Nitaiweka barua hii ndani ya ile sweta yako nyekundu ili usiione mpaka uwe mbali, halafu nitatoka nije kukusalimu kana kwamba hakuna kitu. Hapana. Hiyo ndiyo tabia yangu ya zamani inaongea. Nitakupa mkononi sasa hivi, uisome mbele yangu, na mimi nitakaa pale mezani nisubiri.

Leo ugali ulikuwa na mchanga. Wimbi uliliosha wewe, kwa mikono yako safi, ukamimina kwa haraka kwa sababu una safari. Mimi na mama yako tuliusikia kwenye meno, na hakuna hata mmoja wetu aliyedhani kwamba uliuweka.

Kwa hiyo nakurudishia msamaha wako, mama. Ni mzuri mno na si wangu; kautunze, utakutana na mtu aliyekosa kweli kweli. Lakini kabla hujaufunga sandukuni, nimegee kidogo kwa hili la kunyamaza. Hilo nililifanya mimi.

Baba yako,
Wanjala